Ndagamuntu ya Shallon

Kama mtoto wako anasoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali, usingoje akupigie simu analia. Mkopo ukichelewa, mtoto hakuambii siku ya kwanza. Anakuambia akishajaribu kila kitu, na siku hiyo wewe mwenyewe utakuwa tayari kukubali lolote. Ndivyo nilivyokubali mimi.

Binti yangu anaitwa Shallon. Alikuwa mwaka wa tatu, mwaka wa mwisho, katika chuo kimoja huko Mbale, na alipanga chumba mtaa wa Nkoma pamoja na mwenzake anayeitwa Olivia. Mimi nakaa Mafubira, hapa Jinja, nauza dagaa, wale tunaowaita mukene. Baba yake, Ojok, alikuwa askari wa magereza. Alikufa Shallon akiwa shule ya msingi, tukatoka kambini, lakini Kiswahili cha kambi hatukukiacha, na watu wa kambi hatukuwaacha. Hilo la pili ndilo lililotuponza.

Muhula ule mkopo ulitakiwa kuingia mwezi wa pili. Mwezi wa pili ukaisha. Mwezi wa tatu chuo kikabandika majina ukutani: hawa hawatapata kadi ya mtihani mpaka walipe. Jina la Shallon lilikuwa la nne kutoka juu. Mimi sikujua. Nilichoona ni kwamba mtoto amekonda. Alikuja Pasaka, nikamwekea posho, yaani ugali, na samaki, akala kama mtu anayekimbizwa.

"Huko Mbale wamefunga majiko?" nikamtania.

"Tunakula mara moja, Mama. Saa kumi jioni. Ukila saa kumi unalala kabla njaa haijarudi."

Akacheka, na mimi nikacheka. Alinieleza maisha yao kama anayesimulia habari za watu wengine. Walikuwa sita wanaosubiri mkopo. Walichanga maharage, wakapika sufuria moja, kila mtu akaja na sahani yake. Olivia alisuka nywele za wenye pesa. Shallon aliwachapia watu kazi zao kwenye kompyuta ya kuazima. Mwenye nyumba walikuwa wanamkabili kwa zamu: leo huyu anaumwa, kesho yule amefiwa na shangazi.

"Mashangazi wamekwisha," akasema, "sasa tumeanza kuua wajomba."

"Na mtihani?"

Hapo akaacha kucheka. Zilibaki wiki tatu. Asiyekuwa na kadi hakai mtihani, na asiyekaa mtihani anarudia mwaka mzima, na mwaka wa kurudia serikali haikopeshi. Aliyasema hayo akiwa anaosha sahani, amenipa mgongo.

Nilihangaika. Kikundi chetu cha akina mama cha kuchangiana, zamu yangu ya kupokea ilikuwa Agosti. Niliyempelekea mzigo wa dagaa Kamuli hakuwa amelipa. Ndipo nikamkumbuka Afande Cleophas. Huyu alifanya kazi na Ojok miaka mingi, na ndiye aliyebeba jeneza upande wa kichwa siku tuliyomzika kwao Lira. Alipostaafu alifungua biashara ya kukopesha watu, Mbale, upande wa Industrial, nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Shallon hakumtaja. Mimi ndiye niliyetafuta namba yake, mimi ndiye niliyempeleka mtoto kwa mkono wangu.

Chumba chake kilikuwa cheupe kwa vumbi la unga, meza, kiti, hata nyusi zake. Mashine ilikuwa inanguruma upande wa pili wa ukuta, ikabidi tusogee karibu naye ndipo tusikilizane.

"Shemeji!" akasimama. "Bado uko kijana! Wasoga wa Jinja wanakulisha nini?"

"Mukene, Afande."

"Basi leta gunia moja. Na hii ndiyo mtoto ya Ojok? Sura ya baba kabisa. Ojok alikuwa anaiba sigara yangu na sura hii hii."

Tukacheka. Nilisikia moyo unapoa, kama nimefika nyumbani. Nikamweleza shida. Hakuuliza maswali mengi.

"Mimi sitaki ardhi yako," akasema. "Sitaki ng'ombe. Benki ndiyo inataka mambo hayo. Mimi nataka ndagamuntu ya mtoto, basi. Inalala hapa. Mkopo ikiingia, unaleta yangu, ndagamuntu inarudi nyumbani."

Ndagamuntu ndiyo kitambulisho cha taifa. Akavuta sanduku kutoka chini ya meza. Lilikuwa sanduku la chuma la rangi ya kijani, lile la kuwekea risasi, na alipofungua niliona vitambulisho vimefungwa mafungu mafungu kwa mpira. Sura za watoto wa watu, zimepangwa kama karata.

Shallon akauliza kwa adabu, "Afande, nitapewa karatasi? Ya kuonyesha kwamba kitambulisho kiko kwako?"

Cleophas hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Shemeji, siku ile ya Lira, mimi nilikuomba karatasi?"

Nikaona haya. Sisi wa kambi, mtu aliyekubebea maiti humdai stakabadhi. Kumdai ni kama kumwita mwizi.

"Shallon, mpe Afande," nikasema. "Huyu ni baba yako."

Akampa. Lakini hakuachia haraka. Cleophas alishika upande wake, Shallon akashika upande wake, na ilibidi mzee avute kidogo.

Chuo kikalipwa, kadi ikatoka, mtihani ukafanyika. Nilimtumia Cleophas gunia la dagaa kwa basi, la shukrani.

Mwezi wa sita mkopo wa Shallon ukaingia. Ujumbe ulikuja kwenye simu za wanafunzi walioingiziwa: kila mmoja afike chuoni na ndagamuntu yake halisi, si fotokopi, asaini ndani ya siku tano. Akishasaini, chuo kitachukua ada yake, na aliyekwisha kulipa mwenyewe atarudishiwa. Asiyesaini, pesa zinarudi zilikotoka.

Usishangae kwamba hatukuliona mapema. Tulikuwa tunauangalia mtihani. Sasa pesa za kukomboa ndagamuntu zilikuwa chuoni, na chuo kilikuwa kinataka ndagamuntu. Kuomba mpya ni miezi. Sisi tulikuwa na siku tano.

Siku ya pili nikafika Mbale, tukaenda wawili.

"Leta pesa, chukua ndagamuntu," Cleophas akasema, anakunywa chai.

"Afande, pesa haitoki bila ndagamuntu. Tupe kwa saa moja. Twende pamoja, wewe ukae mlangoni kwa ofisi mpaka mtoto asaini."

"Shemeji, nimekaa kwa milango miaka thelathini. Nimechoka na milango."

"Kwa ajili ya Ojok."

"Ojok amepumzika. Usimsumbue."

Mashine ya upande wa pili ikazimwa wakati ule ule. Kimya kile sikukipenda. Cleophas akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mwingine wa kusikia.

"Lakini siwezi kumfunga mtoto ya rafiki yangu. Njia iko. Kuna watoto wa ile chuo mkopo yao bado, si ndiyo? Wanatembea na njaa. Wakija hapa wanaona sura yangu, wanaogopa, wanaenda. Wakiona msichana msafi, mwenzao, anawaambia mimi pia nilisaidiwa hapa, watakaa. Alete mmoja. Mmoja tu. Siku hiyo hiyo ndagamuntu yake inatoka."

"Hapana," nikasema. "Tutatafuta pesa."

Nilisema hapana. Shallon yupo, ni shahidi.  Tulipotoka nje akanipangusa unga begani, akauliza taratibu, "Mama, tutaitafuta wapi?"

Nikarudi Jinja mbio. Nikauza sufuria kubwa za sherehe. Nikautafutia mteja mzani wangu, na muuza dagaa bila mzani ni mtu gani? Siku ya nne asubuhi, mteja ameshika mzani mkononi, simu ikalia.

"Mama, usiuze kitu. Nimesaini."

"Afande amekubali?"

"Amekubali."

Nilipiga magoti juu ya magunia, nikamshukuru Mungu kwa sauti, majirani wakanitazama. Kulikuwa na swali moja la kuuliza. Nililiona kabisa, lilikuwa mbele yangu kama mtu aliyesimama mlangoni. Nikaliacha lipite.

Shallon akamaliza chuo. Hakurudi nyumbani. Alisema amepata kazi Mbale, kazi ya ofisi, na mwisho wa mwezi akanitumia pesa kwa simu. Nikanunua mabati. Nikaenda nayo kanisani hiyo furaha. Nilipomuuliza ofisi gani, alisema, "Ya kusaidia wanafunzi, Mama," kisha mtandao ukakatika. Kila nilipouliza, mtandao ulikatika.

Mwezi wa nane nikapigiwa na mwanamke nisiyemjua, kutoka Iganga.

"Wewe ndiye Mama Shallon?"

"Ndiye."

"Mimi naitwa Nakisige. Mama yake Olivia." Akavuta pumzi. "Binti yako alimpeleka wangu kwa mzee mmoja, wakamwachia ndagamuntu. Mkopo wa Olivia uliingia mwezi wa saba. Alipoifuata ndagamuntu, mzee akasema njoo kesho. Kesho akasema iko kwa kijana wake huko Malaba. Siku tano zikaisha, pesa zikarudi. Sasa watu wanampigia simu wanamdai mikopo ya simu ambayo hakuichukua, ya namba ambazo hakuwahi kuwa nazo. Wamesajili laini kwa jina lake. Jumapili alitoka kwenda kuchota maji. Mtungi tumeukuta kisimani. Yeye hatujamwona."

Nikamwambia kesho nakwenda Mbale.

"Mama Shallon, walikuwa wanalala kitanda kimoja," akasema, akakata.

Kesho yake nilikuwa Mbale. Cleophas hakuwepo. Nyuma ya meza alikaa Shallon. Unga ulikuwa umemwingia kwenye nywele, na sanduku la kijani lilikuwa upande wake. Kwenye benchi walikaa wasichana wawili, wamebanana.

"Usiogope, dada," alikuwa anamwambia mmoja. "Mimi pia nilianzia kwenye benchi hilo hilo. Nikalala njaa kama wewe. Niangalie sasa, si nilimaliza?" Sijawahi kumsikia na sauti nzuri hivyo.

"Shallon. Olivia yuko wapi?"

Akanyanyuka, akanishika mkono, akanivuta kona karibu na ukuta wa mashine.

"Mama, subiri nimalize na wateja."

"Twende nyumbani. Sasa hivi."

"Na ndagamuntu yangu?"

"Si ulirudishiwa? Si ulisaini?"

"Alinipa kwa saa mbili. Akatuma mtu akanisindikiza, nikasaini, nikarudisha. Pesa zangu zilipotoka nikamlipa zote. Akasema bado kuna riba, nilete mmoja mwingine. Nikaleta. Akasema mmoja mwingine." Macho yake yalikuwa mlangoni. "Watu wananipigia simu wananidai mikopo nisiyoichukua, Mama, kama Olivia. Afande anasema nikikaa hapa hawatanigusa, nikitoka nitajua mwenyewe."

"Ichukue tukimbie. Sanduku hilo hapo."

"Nimelitafuta lote, mara tatu," akasema. "Yangu haimo."

Nikageuka. Niliwaambia wale wasichana, kwa sauti kubwa kushinda mashine, "Msitoe! Ndagamuntu msimpe mtu! Hazirudi!" Mmoja akainuka, akachukua mfuko wake, akatoka bila kuangalia nyuma. Wa pili akabaki. Alikuwa mdogo, midomo imekauka.

"Mama," akaniambia, "mtihani wetu ni Jumatano. Utanilipia wewe?"

Mkononi nilikuwa na nauli ya kurudi tu. Alingoja jibu langu, alingoja kwa heshima kabisa, halafu akafungua pochi. Shallon akarudi kwenye kiti chake. Akapokea.

Nilikwenda polisi kuripoti. Wakauliza, "Iko karatasi yoyote ya kuonyesha alichukua?" Nikasema hakuna. "Kuna shahidi aliyeona mtoto akitoa kitambulisho?" Nikasema shahidi ni mimi, na mimi ndiye niliyemwambia atoe. Wakaniandika jina, wakasema watapiga simu. Cleophas ndiye aliyepiga, jioni ile ile. Aliniita shemeji, akaniuliza kama nilisafiri salama.

Sasa muhula mpya umeanza, na nasikia mkopo umechelewa tena. Majina yatabandikwa. Shallon hasubiri tena wanafunzi waje Industrial. Huenda mwenyewe chuoni, akasimama karibu na ukuta wakati watu wanasoma majina. Ni mrefu, mweusi, amenyoa nywele siku hizi. Anaongea polepole. Atamwita mtoto wako dada, au kaka. Kabla ya yote atamuuliza kama amekula, na atamnunulia chapati kwa pesa yake, kwa sababu njaa ile anaijua, hadanganyi hapo.

Nampigia simu kila siku, na siku anayopokea nalia kwa furaha. Ni mtoto wangu. Lakini mwambie wako, leo, kabla hajaenda kusoma ukuta: akimwona Shallon, asile chapati yake, asimjibu salamu. Aondoke.