Taa za Bwana Zima

Ofisini walimwita Bwana Zima, na jina lilimkaa sawasawa. Msimamizi huyu wa jengo la ghorofa nne alikuwa amepewa na wakubwa kazi moja tu: umeme upungue. Akaivalia njuga. Viyoyozi aliviwekea kikomo, anayeona joto afungue dirisha. Taa za ngazini alizipunguza nusu. Ukitoka kwenda msalani tu, ukirudi unakuta giza, naye yuko mlango wa pili anaendelea kuzima. Mwisho akakusanya hata mabirika ya umeme yaliyokuwa mezani kwa watu, akaacha moja tu, jikoni kule chini.

Hapo ndipo alipojipalia makaa. Birika moja liliwaleta watu wote pamoja, na ikifika saa nne jiko zima linacheka. Akitokea yeye, kicheko kinakatika, vikombe vinamalizwa haraka, kila mtu anakumbuka ana kazi. Na tusifichane, mtu huyu hakuwa na kiu ya chai. Tangu mkewe afariki alikuwa na kiu ya mtu wa kukaa naye. Angekunywa hata maji ya moto matupu, mradi kuna mtu mbele yake.

Mganga hajigangi. Nyumbani kwake, Bwana Zima huyohuyo aliwasha kila kitu: sebuleni taa na redio, chumbani televisheni, jikoni taa, uani taa, na feni ikipuliza viti vitupu. Zamani mkewe ndiye aliyemfuata nyuma akizima na kugomba. Sasa akirudi akakuta giza na kimya, alishindwa kuingia ndani. Kwa hiyo aliacha vyote vikiwaka tangu asubuhi, ili akifika mlangoni asikie sauti. Utasema ni ujinga. Sema, lakini kwanza ulale mwezi mmoja kwenye nyumba isiyo na mtu wa kukuuliza umekula nini.

Jumamosi moja jioni mlango ukagongwa. Tangu msiba uishe, hakuna aliyeugonga isipokuwa msoma mita. Akafungua, akamkuta mhasibu wa ofisini, yule aliyenyang'anywa birika lake wiki ileile.

"Kaka, umesahau funguo za chumba cha mita. Mlinzi kaniomba nikuletee, maana napita huku."

"Ahsante, dada. Ahsante sana."

Mhasibu akachungulia ndani. "Mh! Nyumba inawaka utadhani kuna harusi. Una wageni?"

Bwana Zima akageuka, akaitazama nyumba yake kwa macho ya mtu mwingine. Aibu ikamchoma mpaka masikioni. Akisema ukweli, Jumatatu jiko zima lingemcheka: sisi anatunyang'anya mabirika, kwake anapulizia viti feni! Redioni wanaume wawili walikuwa wakibishana juu ya mpira, na mmoja akaangua kicheko.

"Ndiyo," akasema. "Shemeji zangu. Wamekuja na watoto."

Uso wa mhasibu ukakunjuka. "Afadhali! Unajua tulikuwa tunakuwazia? Tulikubaliana pale jikoni, kesho tuje wote, tukupikie, tushinde nawe. Tulidhani uko peke yako humu ndani. Basi, kama una ndugu, tusije tukawabana."

Alitamani kumshika mkono amvute ndani. Angeanzia wapi? Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yake ilikuwa imeshafika mwisho naye bado kasimama mlangoni. Alimpenda mama yule saa ile kama dada aliyezaliwa naye, na alimwona anaondoka.

Mhasibu akafika getini, akageuka. "Kaka, kweli hakuna mnachohitaji? Maana wageni ni kazi."

"Hatuhitaji kitu, dada," akajibu. "Tuko wengi."