Punje Ishirini za Kunde

Ilukor alinitia shaka tangu siku ya kwanza, kwa sababu alikuwa na adabu mno. Kijana mpakiaji wa saruji kule Tororo, ng'ambo ya mpaka, anafika kwangu Busia kwa baiskeli, na shati lake halina hata doa la vumbi. Nikajiambia, huyu ana kitu.

Alikuja kumposa Metrine, mtoto wangu wa pekee. Mume wangu alikuwa amefariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa langu, na kazi ya shemeji yangu Okochi ilikuwa kulifikisha tu. Kwetu Wasamia, mama mkwe hakai uso kwa uso na mkwe wake, na kwao Wateso ni hivyo hivyo. Kila Jumapili alipokuja baada ya kanisa, yeye alikaa nje na Okochi, mimi nikabaki jikoni na ukuta wa udongo katikati yetu. Utamchunguzaje mtu usiyeruhusiwa kumtazama usoni?

Okochi alipenda mchezo wa kunde. Mnahesabu punje ishirini, kama vidole vyote vya mtu, mikono na miguu. Kwa zamu kila mmoja anachukua moja, mbili au tatu na kuziangusha kwenye mkebe. Anayechukua ya mwisho ameshinda, na aliyeshindwa ndiye anayeanza tena. Ni mchezo wa kupitisha wakati tu, leo wewe kesho mimi. Lakini Jumapili ile ya kwanza Ilukor alimshinda Okochi mara saba mfululizo. Akaitwa Chrispinus, katekista wetu, naye akapigwa mara nne, akaondoka anajifuta jasho.

"Shemeji, huyo ana dawa," nilimwambia Okochi mgeni alipoondoka.

"Dawa ya kunde?" Akacheka sana.

"Leo ya kunde, kesho ya mwanangu. Nikiipata hiyo dawa, Metrine haendi popote."

Metrine alikuwa pale pale anamenya ndizi. Aliendelea kumenya bila kuinua macho. Nikaona huyu naye amekwisha kulishwa dawa hiyo.

Jumapili ya pili nilitoa kunde kutoka chungu changu mwenyewe, nikanunua mkebe mpya, nikamwagiza Okochi ampekue mgeni. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Ilukor aligeuza mifuko nje, akavua viatu, akavikung'uta.

"Tafuta tu, mzee. Mimi sina kitu," alisema huku anacheka.

Halafu akashinda mara sita. Sikulala vizuri wiki ile. Mtu safi akipekuliwa hukasirika, na huyu hakukasirika hata kidogo.

Jumapili ya tatu Okochi alinijia mapema. "Shemeji, leo lazima nimpe jibu. Ng'ombe wa mahari wako tayari kwa babu yake kule Paya. Ndiyo au hapana?"

"Cheza naye kwanza," nikasema.

Nikakaa nimeegemea ukuta, nikafumba macho, maana macho yalikuwa hayajanisaidia kitu. Nikasikiliza.

"Mzee, anza wewe," sauti ya Ilukor ilisema. "Mimi mtoto tu, natangulia mkubwa namna gani?"

Okochi aliangusha tatu. Ilukor moja. Okochi moja, Ilukor tatu. Okochi mbili, Ilukor mbili.

Mimi ni mwuza nyanya. Fungu langu ni nyanya nne, tatu chini na moja juu, na mkono wangu unaijua nne bila kuniuliza. Nikashtuka kuona mkono unapanga hewa pale mapajani: fungu, fungu, fungu. Chochote alichochukua Okochi, yule kijana alikitimiza kikawa nne! Na ishirini ni mafungu matano kamili. Anayefunga fungu la mwisho ndiye anayechukua punje ya mwisho, na anayeanza hana lake. Tena nani alianza siku zote? Mkubwa, kwa heshima. Na akishindwa, anaanza tena.

Hasira zikanipanda. Mchezo ule ulipokwisha nikamwita Okochi nyuma ya jiko, nikamnong'oneza, "Mwanzishe yeye. Akichukua moja, wewe tatu. Mbili, mbili. Tatu, moja. Usiulize."

Okochi akarudi, akakohoa. "Mchezo huu mgeni ataanza."

"Mimi, mzee?"

"Wewe."

Zikaanguka moja na tatu, mbili na mbili, mpaka Okochi akatupa ya mwisho na kupiga ukelele. Nilingoja Ilukor alalamike. Badala yake alicheka kama mtu aliyetuliwa gunia la saruji.

"Basi, kwisha! Metrine amesema. Na aliapa hatasema kwa mtu."

Nikageuka. Metrine alikuwa amesimama nyuma yangu na kisu cha kumenyea ndizi mkononi.

"Umesema nini wewe?"

"Sijasema, Mama. Lakini ni mimi niliyemfundisha. Niliiona siri hiyo sokoni nikipanga nyanya zako. Nikajaribu na kunde, nikajaribu na mawe, haikosei. Mkikubaliana kuchukua mpaka nne, unapanga tano tano. Ni hesabu tu."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Mwaka juzi! Unamwambia mtu wa Tororo, mimi mama yako huniambii?"

Aliangalia chini. "Nilitaka. Halafu siku ile Loice, jirani yako sokoni, akauza samaki wote kabla ya saa nne, ukasema amefukia kitu chini ya meza. Mpaka leo humsalimii. Nikaona nikianza kushinda watu, na mimi utanitazama hivyo."

Nilitaka kusema nisingemtazama hivyo. Lakini najijua. Nikanyoosha mkono nimshike bega, naye akarudi nyuma kidogo, kidogo tu.

"Shemeji!" Okochi aliita kutoka nje. "Mgeni anangoja. Nimjibu nini?"

"Ng'ombe waje," nikasema, lakini sauti haikuvuka ukuta. Ikabidi Metrine mwenyewe arudie kwa nguvu, na furaha yake alishindwa kuificha. Harusi ikapangwa baada ya wiki tano. Nikazihesabu Jumapili nilizobaki nazo kuishi na mtoto ambaye alikuwa ananiogopa ndani ya nyumba yangu.