Nyumba Isiyopokea Pole

Simeoni alikuwa amezoea kupewa pole, na tuseme ukweli, alikuwa ameanza kuipenda. Tangu alipodondoka kutoka juu ya lori la magunia ya alizeti na kuvunjika paja, haikupita siku bila mtu kuingia uani kwake pale Kintinku, kuvuta kigoda na kumpa pole. Wengine walileta sukari, wengine sabuni, mmoja alileta jogoo. Wakishakaa walianza habari za watu waliovunjika miguu: yule wa Saranda ambaye hakuinuka tena, na shemeji wa nani sijui ambaye mguu wake ulibaki mfupi. Simeoni alisikiliza yote kutoka kwenye kiti chake cha mbao, kisha akamalizia kwa maneno yake ya kila siku.

"Ndiyo hivyo. Huu mguu umekufa. Mimi sasa ni wa kukaa tu."

Mguu wenyewe haukuwa umekufa. Mtaalamu wa mazoezi kule hospitali alikuwa amewaambia wazi, yeye na mke wake Jenipher, kwamba mfupa umeunga na kilichobaki ni kuutembeza mguu kila siku. Asipoutembeza, goti litakakamaa, na likishakakamaa hakuna atakayelikunja tena. Simeoni aliitikia vizuri sana. Aliporudi nyumbani alikaa kitini, maana wageni walikuwa wanasubiri, na mtu hawezi kupokea pole huku anazungukazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jenipher alivumilia. Siku uvumilivu ulipomwishia ni siku aliporudi kisimani akamkuta mumewe akimweleza muuza mkaa, mtu baki kabisa, kwamba yeye siku hizi si mtu wa kuhesabiwa. Alitua ndoo, akangoja yule mtu aondoke.

"Kuanzia leo pole hapa nyumbani basi," alisema. "Anayekuja akuulize umefika wapi. Na hilo neno la mguu kufa nisilisikie tena. Sema mzito, sema unauma, nitakuelewa. Ila haujafa. Mimi ndiye ninayeuosha, naujua."

Simeoni alidhani ni hasira za mchana, zitaisha jua likizama. Hazikuisha. Wa kwanza kukutana na sheria mpya alikuwa shangazi yake Eliana, aliyepanda basi kutoka Manyoni na tetea kwapani.

"Shikamoo shangazi," Jenipher alimpokea mlangoni.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kumpa mwenzio pole."

"Karibu sana. Ila pole tumeisimamisha, shangazi. Muulize tu leo amefika wapi."

Eliana alimvuta tetea karibu na kifua. "Yaani nimepanda basi na pole yangu, niirudishe Manyoni?"

Jenipher alimpokea tetea kwa mikono miwili, akamwambia chai iko tayari, lakini kwenye pole hakulegeza. Bibi wa watu alikaa kwa kishindo akamgeukia Simeoni. "Haya, umefika wapi?"

Simeoni, sijui shetani gani alimpitia, akajibu kwamba amefika chooni. Kumbe alikuwa hajainuka kitini.

"Twende ukanionyeshe," shangazi akasema.

Mwanamume mzima hawezi kumwambia shangazi yake kwamba amemdanganya. Aliinuka. Alishika ukuta, akashika fimbo, akashika bega la shangazi, akatukana kwa Kigogo maneno ambayo shangazi alijifanya hayasikii. Walipofika chooni jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kope. Eliana aliyekuja kulia alijikuta anacheka, na kwa kuwa alitaka kuona mwisho wa jambo hili, hakurudi Manyoni wiki hiyo wala zilizofuata.

Kijijini walisema Jenipher ana roho ngumu, eti anawafukuza watu wenye huruma. Wageni walipungua kweli. Waliobaki waliuliza umefika wapi, na kwa kuwa ni aibu kujibu leo kama ulivyojibu jana, Simeoni alilazimika kuwa na jibu. Alifika zizini. Akafika kwa jirani yake Antipasi. Siku moja akafika mashine ya kusaga, akakaa kwenye gunia la pumba kupumzika kama mtu aliyetoka Dar es Salaam kwa miguu.

Ulimi wake ndio uliotangulia kupona, mguu ukafuata nyuma ukinung'unika. Mtu aliyekuwa akisema mguu umekufa sasa alisema, "Leo goti limekataa, kesho tutalibembeleza." Mwanzoni alisema hivyo kumridhisha mkewe tu, moyoni haamini hata chembe. Lakini aligundua, na jambo hili lilimuudhi, kwamba asubuhi aliyoamka akisema hivyo aliinuka, na asubuhi aliyoamka na maneno ya zamani alibaki kitini mpaka saa ya kula.

Mwezi wa tatu, alizeti zikiwa zimeanza kufungua maua, Antipasi aliingia uani asubuhi akihema.

"Ng'ombe wamelala shambani kwenu, wamekanyaga karibu yote. Mkeo yuko huko tayari."

Shamba lao la alizeti lilikuwa ng'ambo ya reli. Mwaka huo Jenipher alililima, akalipanda na kulipalilia peke yake. Haukupita muda, akina mama walianza kukatiza mbele ya nyumba, khanga mabegani, wakielekea huko kumpa pole. Shangazi Eliana naye alijifunga yake.

"Wewe kaa, mwanangu. Pole yako nitamfikishia."

Simeoni alibaki anautazama mgongo wa shangazi. Mume kumtumia mkewe pole kwa mkono wa mtu. Hapo ndipo alipokumbuka jinsi wageni walivyokuwa wakiingia miezi yote ile: walimpita Jenipher mekoni, wakamwomba kigoda, wakaja moja kwa moja kwenye kiti chake. Aliyebeba maji, aliyelima, aliyemwosha na kumgeuza kitandani, hakuna aliyempa pole. Yeye mwenyewe hakuwahi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Alichukua fimbo. Kwenye mashine ya kusaga alitaka kukaa, akapitiliza. Karibu na reli goti liliwaka moto na yale maneno ya zamani yakamjia mdomoni yote, yamejipanga. "Umefika mashine," aliuambia mguu kwa sauti, "utafika na reli." Ulipofika reli akautajia shamba. Alikutana na akina mama wakirudi. Walimpisha njia, na Eliana alipotaka kugeuka amsindikize, alimkataza kwa mkono.

Jenipher alikuwa katikati ya shamba, anasimamisha mashina yaliyolala na kuyashindilia udongo, ingawa mengi yalikuwa yamevunjika kabisa. Alipomwona alitazama nyuma yake, akitafuta pikipiki.

"Nani amekuleta?"

"Hakuna. Nimekuja kukupa pole."

"Ya alizeti?"

"Ya alizeti," Simeoni alisema. "Na ya mimi. Pole, mke wangu. Umebeba mengi."

Jenipher alifungua mdomo kumjibu kama watu wanavyojibu, kwamba ameshapoa, na badala yake akaliachia shina alilokuwa ameshika. Alikaa chini palepale kwenye majani yaliyokanyagwa, akafunika uso kwa mikono yenye udongo, akalia kwa sauti, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia tangu siku ya lile lori. Simeoni alitaka kukaa naye. Lakini goti lilikuwa bado halijakubali kukunjika kiasi hicho, basi akamwekea mkono kichwani, akabaki amesimama.