Kituo cha Paka Watatu

Jumanne alfajiri Suleimani hakuamka, na basi letu likabaki bila macho.

Alikuwa dereva wetu, Mzanzibari aliyewahi kutembeza watalii Mji Mkongwe. Mtalii mmoja alimsimulia kwamba miaka mia saba iliyopita wafalme wa Ulaya walijenga miji mipya kwa kupima kwa kamba: viwanja sawasawa, barabara zikikatana kama miyaa ya mkeka.

"Ndiyo hii Sanaiya yenu," alituambia tulipofika kambi ya wafanyakazi, huku eneo la viwanda la nchi hii ya Kiarabu. "Mji wa kamba. Mtu anapotea huku amenyooka!"

Namba za barabara akazikataa. Kila kona aliipa jina, kama vichochoro vya kwao.

Vibali vilichelewa, hivyo Alhamisi ndiyo ikawa siku ya kumzika. Wesley, dereva mpya kutoka Kericho, alifungua daftari la vituo la marehemu. Ilibidi tuwachukue wenzetu wote vituoni mwao, tuwahi makaburini kabla ya Alasiri.

"Paka Watatu ni wapi, wazee?"

 Miaka minne tulikuwa tukilala ndani ya basi lile. Kila mtu alijua kituo chake tu.

"Mimi huamka hapo," akasema Nahashon. "Kuna mtu hunikanyaga."

"Baada ya dakika ngapi?" akauliza Wesley.

"Nitajuaje, na nimelala?"

"Basi lala tena, ndugu yangu!"

Akafumba macho kweli. Gereji, gereji, msikiti, gereji. Kwenye tuta la tatu akapiga kelele: "Hapa! Hili tuta nalijua kwa shingo!"

Paka walikuwa wawili, lakini Amiri alikuwa amesimama pale na kanzu yake nyeupe. Akapanda, akamkanyaga Nahashon.

Tulicheka hadi Wesley akasimamisha basi. Nikaona aibu, nikacheka tena.

Amiri naye akafumba macho, akatufikisha Mlango wa Vitunguu. Mwenzetu wa Vitunguu akatupeleka kwa Fundi Aliyenuna. Fundi mwenyewe, Mnepali, alipotuona tukicheka, akatabasamu. Nusura tupitilize kituo.

Tulifika makaburini safu za swala zikipangwa. Tulimswalia, tukamtia udongo. Nahashon, ambaye ni Mkristo, alisimama nyuma akilinda viatu vyetu. Makaburi yamenyooka mstari kwa mstari, na lake lina namba.

Siku hizi Wesley anaendesha kwa daftari lile lile, nami silali tena ndani ya basi.