Sakafu ya Mama Hope

Mbithi, mwenye ploti, aliingia na gambuti za matope mpaka katikati ya nyumba, akasimama juu ya simiti ambayo hakuinunua. Hodi hakupiga. Kwani angemwomba nani ruhusa?

"Mama Hope, kuanzia mwezi huu kodi ni elfu nne."

Kasyoka aliweka sufuria chini. "Elfu nne? Mzee, si ni elfu mbili na nusu?"

"Hiyo ilikuwa nyumba ya udongo." Akaipiga sakafu kwa kisigino. "Hii sasa ni ya simiti."

Huyu mzee aibu haijui! Miaka sita, kila mvua ikinyesha hapa Silanga, maji yaliingia hadi chini ya kitanda, naye akiambiwa, anajibu, "Nitatuma fundi." Fundi gani! Mwishowe Kasyoka, ambaye hubeba mawe kwa mjengo, akaanza kuomba simiti inayobaki jioni, akiileta nyumbani kwa mfuko wa unga, kidogo kidogo, miezi minne. Akaimwaga mwenyewe, amepiga magoti, binti yake Hope akimmulikia na simu. Alidhani anamtoa mtoto kwa maji. Kumbe alikuwa anampandishia Mbithi bei.

"Simiti ni yangu, Mzee. Hukutoa hata shilingi."

"Na ukuta ni wa nani? Ama uliimwaga hewani?"

"Basi nitaivunja nihame nayo."

"Vunja, ulale selo kwa kuharibu mali ya watu." Akalainisha sauti, ile ya kukusanyia sadaka kanisani. "Sisi ni watu wa nyumbani, sitaki tukosane. Lakini kuna wanaoitaka hivi ilivyo. Celine! Ingieni muone."

Msichana mmoja na mumewe walichungulia. Celine alivua viatu mlangoni, asichafue.

"Mzee, tafadhali," Kasyoka alisema, na alijichukia kwa kulisema hilo neno. "Hope anaanza mtihani Jumatatu. Wacha amalize tu, wiki moja."

Mbithi aliangalia nyayo zake mwenyewe, zilizotapakaa toka mlangoni.

"Wiki moja, sawa. Lakini hapa ni pachafu. Hebu pangusa kwanza, wageni waone simiti vizuri."

Vitabu vya Hope vilikuwa kitandani, vimepangwa. Kasyoka alichukua kitambaa, akapiga magoti palepale alipopiga siku ya kumwaga. Mbithi hakusogea. Aliinua mguu mmoja, akangoja apanguse, akaukanyagisha tena pale pasafi, kisha akainua wa pili.