Viti vya Ziada

Jumamosi asubuhi Ziada alikuwa amepiga magoti sebuleni, akichora kochi sakafuni kwa chaki. Nje, mumewe Usman alikuwa akiosha lori ili harufu ya samaki wa Port Victoria ipungue kabla wageni hawajafika. Nyumba hiyo ya Busia walikuwa wameinunua mwaka uliofuata Uhuru, kwa mnunuzi wa pamba aliyehamia Tororo. Mnunuzi huyo alikuwa ameigawa vyumba vidogo vidogo, na hata sasa, ukigonga ukuta, nyuzi za pamba zilidondoka.

Fundi Osukuku alikuwa amefika na nyundo yake kuvunja kuta hizo na kuipanua sebule, lakini hakutaka kuiinua.

"Mama, nyundo yangu hairudi nyuma," alimwambia Ziada. "Nikishatoboa, nimetoboa. Niambieni kwanza kila kitu kitakaa wapi. Sitaki kusikia baadaye kabati haliingii mlangoni."

Usman alikuwa mtu wa safari, kwa hiyo kazi ya kuamua ikamwangukia Ziada, naye akaipenda kuliko alivyotarajia. Alitambua kwamba jua la jioni, likizama upande wa Uganda, lingechujua vitambaa vya makochi, akayasogeza kutoka dirishani. Mlango wa chumba cha kulala akaugeuza ufungukie nje, usigonge kitanda. Ndoano ya karabai akataka iwekwe kabla dari haijapigiliwa mbao. Osukuku alipomuuliza yeye mwenyewe atakaa wapi, Ziada alicheka.

"Mimi nitakaa popote," alisema, akaendelea kuchora.

Mgeni wa kwanza alikuwa Sulaiti, muuza nguo wa jirani. Aliingia akilalamikia mvua, akaketi kwenye kiti cha chaki bila kutazama. Kiti kikamshika. Sulaiti akanyoosha miguu na kuegemea nyuma, pale ambapo hapakuwa na kitu.

"Hii ni mbao ya mvule?" aliuliza.

"Bado ni chaki tu," Ziada alijibu.

"Basi usibadilishe. Mgongo wangu umetulia."

Usman akaja akakalia kiti chake kikubwa kinachotazama mlango, akaweka kikombe juu ya meza iliyochorwa. Chai haikumwagika. Osukuku alikipapasa kiti cha Sulaiti kwa kiganja, akasema kiko sawa, ila kisogee kidogo, maana mvua itaingia kwa dirisha jipya atakalotoboa. Ziada alimwomba Sulaiti asimame, akafuta kwa kitambaa chenye maji, akachora upya. Wiki hiyo madereva waliosubiri mizigo yao walizoea kupita hapo kupumzika. Waliisifu nafasi ya kupitisha miguu.

Siku moja mchana, wageni walipoondoka, Ziada aliona kiuno kinamuuma. Akaketi kwenye kochi. Akapita katikati yake hadi kwenye sakafu, akaumia nyonga. Akajaribu kiti cha Sulaiti, kisha kile kikubwa cha Usman, na mara zote alijikuta juu ya saruji.

Osukuku alikuwa mlangoni akinoa patasi.

"Hivyo ni vya watu wengine, mama. Chako kiko wapi?"

"Nilikuambia nitakaa popote."

Osukuku akatazama kona moja baada ya nyingine. "Sijaona mahali panaitwa hivyo kwa hii nyumba," alisema.

Basi Ziada akajichorea kiti kando ya dirisha la barabarani, penye mwanga wa kushonea na watu wa kutazama. Akakikalia. Kilimshika vizuri kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu wahamie aliona jinsi nyumba yake ilivyo kwa mtu aliyeketi. Ilikuwa nzuri. Alikaa hapo akishona hadi Usman aliporudi.

"Hapa ndipo nataka kabati la redio," Usman alisema. "Redio inashika vizuri karibu na dirisha."

"Hapa ni pangu, Baba Nusura."

"Wewe si huwa uko jikoni?"

Ziada akafuta kiti chake, akaenda jikoni akachora kigoda. Jioni Usman akashusha magunia ya samaki wakavu juu ya kigoda hicho, kwani hayakuwa na mahali pengine pa kukaa. Mara hii Ziada hakufuta. Alimfuata mumewe sebuleni.

"Ukuta haujavunjwa bado," alisema. "Sasa ndio wakati wa kusema. Nataka kiti."

"Viti viko vingi, Mama Nusura."

"Havinishiki."

Usman hakuwa mtu mbaya. Alifikiri kwa dhati, akivuta ndevu zake.

"Hivi ni vya chaki," alisema. "Ngoja nilete vya kweli. Vitakushika."

Ziada alitamani kumwamini, akamwamini. Kesho yake Osukuku akainua nyundo. Kuta zikaanguka, pamba ikajaa uani, dirisha jipya likafunguliwa. Kila kitu kiliingia mahali pake bila kukwaruzana, na mji mzima ukasema haujaona nyumba iliyopangwa vile. Viti vya mvule vikaletwa kutoka Mbale kwa lori. Ziada akavuta pumzi, akakaa. Mvule ukampisha, mto wa kiti haukubonyea hata kidogo, naye akafika sakafuni.

"Labda mto bado ni mpya," Usman alisema, akawasha redio.

Ziada akazoea. Alikula akiwa amesimama, akashona akiwa amesimama, na wageni wakajifunza kumpa kikombe mkononi.

Kabla ya Idd, mwanamke aitwaye Phoebe alikuja na mumewe kutoka Bumala kuangalia nyumba, kwa sababu nao walitaka kupanua yao. Mumewe akaketi na Usman, wakaanza kujadili mabati. Phoebe alisifu dari, akafungua na kufunga mlango wa chumba cha kulala, akasema umefikiriwa vizuri.

"Karibu kiti, dada," Ziada alisema.

"Asante. Niko sawa hivi."

Ziada akamtazama miguu, ilivyosimama imara kama miguu ya mtu mwenye mazoea ya kusimama.

"Kwenu ni tangu lini?" aliuliza.

"Tangu tuweke sementi," Phoebe alijibu. "Hata nilimwambia mume wangu mapema."

Ziada akaleta chai. Wakaegemea ukuta mpya, ambao lipu yake ilikuwa laini na baridi mgongoni, wakaongea habari za watoto hadi malori ya Kisumu yalipoanza kuwasha taa.