Idadi Haitoshi

Mvua ilipopiga turubai, Domisiana aliacha kufundisha. Wanafunzi, wakimbizi wa Burundi, walisogeza mabenchi kukwepa matone. Ilikuwa mwaka 1998, kambini Ngara, ambako chuo kikuu kimoja kilikuwa kimefungua tawi.

Domisiana alifundisha takwimu. Mshahara ulikuja ndani ya bahasha iliyofungwa, na kumuuliza mwenzako analipwa kiasi gani kulikatazwa. Lakini Ndikuriyo, aliyeajiriwa naye siku moja na kwa shahada ileile, alikuwa ameezeka nyumba kwa mabati. Domisiana bado alikuwa akikopa sabuni.

Akawaomba wahadhiri waandike mshahara, elimu na jinsia, bila jina, watumbukize kwenye kopo la mafuta ya msaada.

"Ukishajua mshahara wangu, mama, usimwambie mke wangu," alisema Ndikuriyo. Wanaume wakacheka, wakaandika. Priscila wa kemia aliogopa siku kadhaa. Mwishowe alileta karatasi yake, ameikunja ndogo kama kidonge.

Hesabu ilionyesha wanawake wanalipwa kidogo kuliko wanaume, hata kwa elimu ileile. Domisiana alisali, akaenda kwa Anastazi, mkuu wa tawi.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba, mwalimu. Kaa."

Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Upole huo ulimtia Domisiana wasiwasi.

"Wanawake ni wangapi katika hesabu yako?"

"Watatu. Ndio sisi tu tulioajiriwa."

"Watatu wanathibitisha nini? Si wewe unayefundisha? Inaweza kuwa bahati tu."

Ndivyo Domisiana mwenyewe alivyowaambia wanafunzi asubuhi ile. Anastazi akaomba karatasi azihifadhi, naye akampa kopo, maana hazikuwa na majina.

Anastazi alizitandaza mezani. Akasoma moja, akainua macho kwenye ubao ulioegemezwa mlangoni, ubao pekee wa tawi. Ulikuwa bado umejaa mwandiko wa Priscila wa kipindi kilichopita. Akairudia karatasi.

Muhula uliofuata Priscila hakupewa mkataba. Hakuna aliyesema sababu. Domisiana alimfuata kwao, kijijini Mabawe, akamkuta analima. Priscila aliitikia salamu, akaendelea na jembe.

Aliporudi, Anastazi alimwita ofisini. Akamwambia kwamba anaruhusiwa kupima mishahara tena, wakati wowote, na kwamba tawi halina la kuficha.

Kisha akamrudishia kopo. Lilikuwa tupu, limeoshwa vizuri.